Kilo 19 za kwenda Mtae: mwalimu, sanduku libaki nyumbani

Swali limetoka kwa mwalimu wa shule ya msingi Muheza, nalifupisha kidogo: "Kaka habari za kazi. Nina miaka 43, mwezi wa saba natembea na wenzangu kutoka Lushoto mpaka Mtae, siku 4, tunachangisha hela ya bweni la watoto wenye ulemavu, usiku 3 tunalala kwenye mahema. Waandaaji wanatupa hema na chakula. Kila mtu anaruhusiwa begi moja lisizidi kilo 10, litaenda na pikapu, na kibegi kidogo cha kubeba mwenyewe. Nimepanga vitu nikapeleka kwenye mizani ya duka la nafaka ikasoma kilo 19. Nimeshatoa vitu mara mbili na bado iko palepale. Mume wangu anasema blanketi lisitoke maana Lushoto ni baridi. Nipunguze nini? Na mwavuli nibebe?"

Dada mwalimu, salama? Nashukuru umenitumia na orodha yenyewe, maana wengi wananiuliza "nibebe nini" alafu hawasemi wameshaweka nini.

Mi nilianza hii kazi ya kuongoza watu milimani kama mgumu, ndo wapagazi wanavyoitwa kule Kilimanjaro, na pale getini mzigo unapimwa kabla hujapanda, mwisho ni kilo 20, ukizidi begi linafunguliwa mbele za watu na vitu vinatolewa huku kila mtu anaangalia. Nimeshaona sana hiyo sinema na wote wanafanya kitu kilekile, mtu akiambiwa punguza anaanza kutoa vitu vidogo vidogo, soksi, kipande cha sabuni, leso, alafu mzigo wenyewe anauacha umekaa. Na we umefanya hivohivo mwalimu. Umeandika umetoa jozi 3 za soksi. Soksi! Kati ya vitu vyote ulivyonavyo hicho ndo kitu pekee ningekwambia uongeze.

Hebu angalia orodha yako vizuri. Sanduku la magurudumu lenyewe likiwa tupu kilo 3.8, yani zaidi ya theluthi ya uzito ulioruhusiwa imeliwa kabla hujaweka hata kijiko, na hayo magurudumu utayaburuza wapi kule? Litarushwa juu ya pikapu, litafungwa kamba, litakaliwa na watu. Tafuta begi laini la michezo, la mtumba linatosha, halifiki kilo moja. Ukikosa kabisa hata salfeti safi iliyoshonwa mdomo inafanya kazi, wagumu wamebeba mahema ya wazungu kwenye salfeti miaka na miaka. Ndani tandika nailoni nzito ile ya kukata kwa mita wanayofunikia bidhaa, vitu vyote vikae humo, ukunje mdomo. Zamani tungetumia rambo ila si unajua zimepigwa marufuku tangu Juni 2019, na kusema ukweli hata zilikuwa zinachanika siku ya kwanza tu.

Gamboot kilo 1.7, toa. Najua umewaza matope, na kweli udongo mwekundu wa Usambara ukilowa ni sabuni, ila gamboot haina hewa, mguu utachemka humo ndani na kufikia saa 6 mchana utakuwa na malengelenge mpaka kwenye unyayo. Jinzi mbili kilo moja na nusu, toa zote mbili, jinzi ikilowa inakuwa nzito mara mbili na kwa baridi ya kule haikauki mpaka siku ya pili, na inachubua mapajani. Chupa ya chai ya chuma kilo nzima ikiwa tupu, chai itapikwa kambini, toa. Maji lita 3 ndani ya sanduku, yani kilo 3 za maji zinapanda gari kwenda sehemu yenye maji! Toa. Lotion chupa kubwa, shampuu, sabuni mche mzima, dawa ya meno ya familia, jumla kilo 1.3, hamishia kwenye vichupa vidogo vile vya dawa za macho, siku 4 huwezi kutumia hata robo. Taulo kubwa acha, nitaeleza kwenye kanga.

Hapo hata hatujagusa blanketi na nguo zingine na tayari umeshuka mpaka kama kilo 8. Umeona sasa soksi hazikuwa na kosa.

Ila mwalimu mi nataka tuongee kuhusu kitu kingine ambacho hujaniuliza. Umesumbuka wiki nzima na begi la pikapu na kuhusu kibegi cha mgongoni umeandika mstari mmoja tu, "nitaweka simu na biskuti". Hapo ndo ulipokosea haswa. Begi la pikapu hata likiwa na kilo 12 utagombezwa tu na mtu wa mizigo na yataisha, ila kibegi cha mgongoni ndo utaishi nacho kuanzia asubuhi mpaka jioni siku 4, na kuna siku kitakuwa ndo kitu chako pekee.

Nikupe kisa. Mwaka mmoja nilikuwa naongoza kundi la watu 40 na kitu, matembezi ya hisani kama yenu, hukohuko juu. Mchana ikashuka mvua ambayo hakuna aliyeitegemea, barabara ikawa utelezi na pikapu ikaingia mtaroni kabla ya kufika Lukozi, kijiji cha njiani. Sisi kwa miguu tulifika kambini saa 11 jioni, tumelowa jasho na mvua, mabegi yamefika saa 4 usiku. Masaa matano. Kulikuwa na kijana mmoja wa mazoezi kweli, kifua hiki hapa, alikuwa na jaketi la nguvu la baridi ila liko ndani ya begi, na begi liko mtaroni, aisee alitetemeka mpaka tukamvisha gunia. Alafu kulikuwa na mama mmoja wa miaka kama 60 hivi, yeye alifika wa mwisho kabisa, akaenda nyuma ya kichaka akavua fulana iliyolowa, akavaa sweta kavu kutoka kwenye kibegi, akajifunga kanga, akatoa karanga akakaa karibu na moto anawagawia vijana. Tangu siku ile nikimpangia mtu mzigo naanza na swali moja tu: pikapu isipofika mpaka saa 4 usiku utakuwa katika hali gani?

Kwahiyo kibegi chako kiwe na hivi. Maji lita 1 na nusu, hiyo ni kilo 1 na nusu na ndo kitu kizito kuliko vyote, ila kila siku kinapungua unavyokunywa. Koti la mvua jepesi, hata lile la nailoni la elfu chache, ila jaribu kulivaa juu ya kibegi kwanza uone kama linafunga. Sweta moja au fleece ya mtumba ndani ya mfuko usioingiza maji, na fulana kavu moja, hivi viwili havivaliwi wakati unatembea hata ukisikia baridi, ni vya kufikia. Soksi jozi moja kavu. Kanga. Karanga, ndizi, kashata. Dawa. Tochi. Simu. Jumla ukiweka na uzito wa kibegi chenyewe itacheza kwenye kilo 4 na nusu, na kwa umbo la mtu wa kawaida hiyo mgongo wako hautalalamika. Kibegi cha shule cha mwanao kinafaa kama mikanda yake ni mipana, ile mikanda myembamba kama kamba inakata mabega. Kama hakina mkanda wa kifuani chana kipande cha kitenge ufunge mikanda yote miwili ikutane mbele ya kifua, utashangaa tofauti yake. Vitu vizito, yani maji, vikae karibu na mgongo na juu juu, sio chini kabisa wala mfuko wa nje, mzigo ukining'inia nyuma unakuvuta na wewe unalazimika kuinama siku nzima.

Sasa baridi, maana naona shemeji ana wasiwasi na ana haki. Lushoto mjini ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hesabu ya haraka ni kwamba kila mita 1,000 unazopanda joto linashuka kama digrii 6, kwahiyo mkiingia msitu wa Magamba na kwenda mbele mnazidi kupanda, na mwezi wa saba usiku kule juu unaweza kushuka chini ya digrii 10. Kwa mtu wa Muheza hiyo ni friji. Shemeji yuko sahihi kuhusu baridi, kakosea kuhusu blanketi tu.

Blanketi lenu la kilo 2.9 linakufunika juu, ila kwenye hema baridi inatoka chini. Ardhi inakunyonya joto usiku kucha, na chochote ulicholalia kinagandamizwa na uzito wako mpaka kinakuwa kama karatasi, kwahiyo hata ukijifunika mablanketi matatu mgongo utakuwa wa barafu. Kitu cha kwanza cha kutafuta ni matresi, sisi ndo tunavyoiita, kile kipande cha sponji ngumu cha kukunja, hata ule mkeka wa mazoezi unaouzwa madukani, mwembamba unakaribia nusu kilo. Ukifika kambini kama kuna majani makavu ya migomba omba mwenye shamba, tandika chini ya hema kabla halijasimamishwa, bure na yanafanya kazi.

Alafu badala ya blanketi tafuta slipingi begi, ule mfuko wa kulalia. Kwenye mitumba zinapatikana, Moshi pale soko la Memorial mi nimeshaokota nzuri sana, na Moshi na Arusha kuna watu wanakodisha, waulize waandaaji kama wanaweza kuwakodia kwa pamoja inakuwa nafuu. Ukiiona angalia kile kitambaa kilichoshonwa kwenye begi lake, mara nyingi kina namba tatu za digrii. Muuzaji atakuonyesha ile ndogo kuliko zote, "hii inaenda mpaka kwenye barafu sista", hiyo namba ndogo ni ya kutokufa, sio ya kulala. We angalia ile kubwa kati ya tatu, hiyo ndo imepimwa kwa mwanamke wa kawaida kulala kwa raha, ikiwa digrii 5 au chini yake chukua. Uzito usizidi kilo moja na nusu. Ukikosa chukua mablanketi mawili mepesi ya fleece ya mtumba, yashone pembeni na chini yawe kama gunia, uingie na kanga ndani. Sio vizuri kama slipingi begi ila ni vizuri kuliko hilo la nyumbani, na ni mepesi.

Nguo za kulala ziwe za kulala tu. Suruali ya traki, fulana ya mikono mirefu, soksi nene, na kofia ya mzula, usicheke, kofia ya mzula ina gramu kama 80 tu na inasaidia sana kwenye baridi. Usilale na ulichotembelea hata kama kinaonekana kimekauka, jasho limebaki humo na usiku litakupoza. Na kabla ya kulala omba jikoni maji ya moto ujaze chupa yako ngumu, funga vizuri sana, ivike soksi, weka miguuni. Asubuhi una maji ya kunywa yaliyochemshwa tayari. Alafu mkojo usiubane kwa kuogopa kutoka nje, najua kila mtu anafanya hivyo, ila unakukosesha usingizi mpaka asubuhi, toka tu nenda urudi ulale.

Nguo za mchana umeweka seti 4, moja kwa kila siku. Mwalimu hii sio semina, hakuna atakayekumbuka ulivaa nini jumatano. Na matembezi ya hisani lazima mtapewa tisheti za wadhamini, moja au mbili, pamoja na kofia, kwahiyo tayari mna sare. Mi ningebeba seti mbili, moja mwilini moja begini, ya juu iwe kitambaa cha jezi sio pamba nzito, jezi ukiifua jioni ukaikamua ndani ya kanga inakaribia kukauka. Tisheti za wadhamini nyingi ni pamba, vaeni siku ya kuanza na siku ya kuingia Mtae kwa ajili ya picha. Chini suruali nyepesi ya traki, na kama unapenda sketi, sketi pana juu ya taiti ni nzuri kabisa, wamama wa huko wanapanda milima na magauni na matenga ya kabichi kichwani na wanatupita sisi wenye buti, siku ya gulio simama pembeni uwapishe.

Kanga sasa. Hapa ninyi wanawake wa Tanga mmetuzidi wote, na nashangaa mwalimu wa Muheza kaweka taulo! Chukua doti moja, uitenganishe, kipande kimoja kibegini kimoja kwenye begi la pikapu. Ni taulo, linakauka haraka kuliko taulo lenyewe. Ni pazia la kubadilishia nguo na la kujisitiri porini, mwenzio akishika kona mbili yameisha. Ni shuka la ndani ya slipingi begi, ni mto ukikunja sweta ndani yake, ni kilemba jua likiwa kali, mtu akiteguka mkono ndo kining'inizio. Vipande vyote viwili havifiki hata uzito wa lile taulo. Wageni kwenye haya mambo wananunua kitambaa cha kisasa cha kukaushia mwili kwa bei ya kuku wawili na hakifanyi hata nusu ya hizo kazi.

Miguu. Hapa ntakaa kidogo maana katika watu wote niliowaona wakipanda pikapu njiani wakiwa wanalia, wengi ni lengelenge, wala sio pumzi.

Usinunue viatu vipya, na kama umeshanunua vaa kuanzia leo, vaa kazini, vaa sokoni. Raba yenye meno chini inatosha, sio lazima buti, ila iwe kubwa kidogo, ukisimama jioni mguu umevimba kidole gumba kisiguse mbele, maana kwenye mteremko ndo vidole vinapigwa na kucha zinakuwa nyeusi. Kucha kata siku tatu nne kabla, sio usiku wa kuamkia safari, ukikata karibu sana zinaumia. Lengelenge linatengenezwa na vitu viwili vikikutana, unyevu na msuguano, ukiondoa kimoja umepona. Ndo maana nakwambia soksi ziongeze, jozi 4, na zisiwe pamba tupu. Mchana mkipumzika vua viatu, vua soksi, anika miguu dakika 10, vaa ile jozi kavu, ile iliyolowa bandika nje ya kibegi na pini ikauke ukitembea. Watu watakuona una maringo, waache. Mafuta ya mgando paka kati ya vidole na kisiginoni asubuhi, ila mahali utakapobandika plasta usipake, haitashika.

Alafu kuna kile kijoto, unahisi sehemu moja mguuni kama inawaka, haijauma bado. Hapo simama. Sio mkifika kileleni, sio kwenye kivuli kile pale, hapohapo. Bandika plasta ya roli, ile ya kitambaa ya kukata, ilale bila mikunjo na kingo zake zikate kwa mviringo zisibanduke. Dakika tatu. Ukiona aibu kusimamisha wenzio utawasimamisha vizuri kesho. Likishatoka dogo lifunike tu, usilitumbue. Likiwa kubwa hadi huwezi kukanyaga, safisha na spiriti, toboa pembeni na sindano safi, kamua maji taratibu, ngozi ya juu usiibandue, funika. Ila kama una sukari usijitoboe mwenyewe, nenda kwa mtu wa huduma ya kwanza.

Na viatu vya jioni beba ndala au yeboyebo, gramu chache, miguu ipumue.

Chakula wanapika wao kwahiyo biskuti boksi zima za nini? Njiani kuna maduka, kuna ndizi, na kusaidia watu wa vijiji mnavyopita nayo ni hisani. We beba karanga na kashata za siku moja moja. Tahadhari yangu moja ni makande kambini usiku, mazuri sana ila mnalala wawili kwenye hema moja, nimemaliza.

Maji ya mtoni yanaonekana masafi kule ila juu yake kuna mashamba na mifugo, yatibu. Vidonge vya kutibu maji ni vyepesi kuliko chochote, soma pakiti maana kuna vidonge vya ndoo ya lita 20 na watu wanavitumbukiza kwenye chupa ya lita moja, yanakuwa kama maji ya kudekia. Ongeza ORS pakiti 3 au 4, pakiti nyingi ni za lita moja kamili ya maji, soma ilivyoandikwa, usigawe nusu kwa kukisia. Ukitokwa jasho siku nzima na unakunywa maji matupu tu unaweza kuishia na kichwa kuuma na kichefuchefu, chumvi inahitajika.

Dawa zako unazotumia kila siku, umeandika una presha, hizo zikae kibegini na zisikanyage kwenye pikapu, na ongeza za siku mbili za ziada. Panadol chache. Diklofenaki naomba usibebe kama pipi, watu wanazimeza asubuhi ili wasisikie magoti alafu hawanywi maji ya kutosha, figo ndo zinalipa, na mwenye presha ndo kabisa, muulize daktari wako kabla. Kadi ya bima na hela kidogo za chenji weka kwenye kamfuko kasikoingiza maji. Daftari la ahadi za michango liache nyumbani, lipige picha.

Pedi beba hata kama tarehe zako ziko mbali. Safari na uchovu vinaweza kuvuruga ratiba, na njiani hamna duka kila kona. Weka mbili tatu kibegini, zingine kwenye begi kubwa, na kifuko cha kurudishia zilizotumika, usifukie kwenye vyanzo vya maji. Tishu na sabuni kipande kidogo pia viwe kibegini.

Simu: kinachomaliza chaji ni kutafuta mtandao, mkiingia mabondeni simu inahangaika masaa yote. Iweke kwenye hali ya ndege, washa mkipumzika. Picha inapiga bila mtandao. Usiku lala nayo ndani ya slipingi begi, baridi inakula betri. Pawabenki ya 10,000 inatosha, kwenye simu za siku hizi za betri 5,000 itakujazia mara moja na kidogo, sio mara mbili kama boksi linavyosema, maana nyingine inapotea njiani. Ile ya 20,000 ni tofali, na mkiwa wawili hemani moja abebe pawabenki moja abebe tochi kubwa. Tochi ya kichwani lakini kila mtu na yake, huwezi kutafuta choo cha shimo gizani na simu mkononi, nimeshashuhudia simu mbili zikiingia humo na hakuna aliyezifuata.

Ukimaliza kupanga, wikiendi hii na ijayo vaa hivyohivyo, raba hizo, soksi hizo, kibegi na maji yake, ushike njia ya kwenda Amani, masaa mawili kwenda na mawili kurudi. Kitakachokukera siku hiyo ndo cha kutoa. Usinitumie orodha mpya kabla hujatembea nayo.

Kwa hesabu yangu begi la pikapu litakuwa kama kilo 7 ukiweka na matresi. Najua utaona kilo 3 zimebaki na mkono utawasha, "basi nirudishe jinzi moja". Usirudishe. Mkifika Mtae mtapewa vyeti, mtanunua mboga, na kila mwalimu ninayemjua mimi hawezi kupita Lukozi bila kabichi.

Mwavuli: beba kama ni ule mdogo wa kukunja. Kwenye barabara ya wazi ni bora kuliko koti, hautoki jasho na jua pia unazuia, na wenyeji wanatembea nao. Ndani ya msitu ukunje, unanasa kwenye matawi, na Mtae usiufungue kabisa pale ukingoni, ile sehemu chini yake ni tambarare ya Mkomazi, kwenye hifadhi ya wanyama, na upepo unapanda kutoka huko, utauona mwavuli wako unashuka kwenda kwa tembo.